Ukurasa Mmoja wa Mama Mdogo

Kule Mtae ukungu haushuki, unapanda. Unatoka chini, upande wa tambarare ya Mkomazi, unakwea ukingo wa mlima taratibu, unapita juu ya kabichi na viazi, halafu unaingia ndani ya nyumba bila hodi. Kuna asubuhi unaamka huoni hata choo kilipo. Likizo zangu zote za utoto nilizimalizia huko, kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi. Mpaka leo nikikumbuka siku zile naziona vipande vipande, hapa pamefunuka, pale pamefunikwa: mikono inamenya viazi, kandambili mbili mlangoni, sauti inaniita kutoka mahali nisipopaona.

Sasa naishi Tanga. Nafundisha Kiswahili sekondari, na ninaandika hadithi ambazo wasomaji wangu wanazipata kwenye simu, kipande kimoja kila siku. Sifa yangu kubwa ilikuwa kasi. Nilikuwa naweza kubandika wali jikoni, na kabla haujakauka maji, shujaa wangu ameshaachwa na mchumba, ameugua na amepona. Waandishi wanaokaa na sentensi moja wiki nzima niliwaona kama watu wenye wasichana wa kuwapikia. Ile methali ya haraka na baraka nimeifundisha kidato cha kwanza mwaka hadi mwaka, na haikunijia hata siku moja kwamba ilikuwa inanisema mimi.

Katika ukoo wetu, mtu akifariki, simu ya kwanza anapigiwa mchungaji, ya pili mwenye maturubai, ya tatu mimi. Mimi ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu, ule ukurasa unaosomwa mbele ya jeneza: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani, aliugua nini, ameacha watoto wangapi. Nilikuwa na wasifu wa mfano kwenye simu. Nilibadilisha jina, tarehe na ugonjwa, basi. Kila marehemu wetu alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu na mcha Mungu. Tulikuwa na wajomba wawili wakali kama pilipili, nao niliwazika wakiwa wacheshi.

Mama mdogo alipofariki, habari zilinifikia shuleni wakati wa mapumziko. Niliandika wasifu wake garini, na kabla hatujafika Soni nilikuwa nimemaliza. Nilichukua wa marehemu mumewe, ambao niliuandika mwenyewe miaka kadhaa nyuma, nikageuza “alioa” kuwa “aliolewa”, nikabadilisha yaliyobaki. Orodha ya watoto niliiacha kama ilivyokuwa, maana watoto ni walewale. Wanne.

Kesho yake nilisimama uani nikausoma kwa sauti yangu ya darasani. Mchungaji aliomba watoto wa marehemu wasimame kila mmoja anapotajwa. Wakasimama wanne. Kwenye benchi lilelile la mbele alikuwapo wa tano, ameshainuka nusu, mkono mmoja umeshika ubao wa benchi, anasubiri zamu yake. Mimi nikakunja karatasi nikasema amina. Akakaa.

Huyo wa tano ni mdogo wangu. Hakuzaliwa na mama mdogo. Mama yake alikuwa mchuma chai kule Kwamkoro, akafariki, na mume wa mama mdogo, aliyekuwa kibarua hukohuko, akarudi Mtae na mtoto wao wa miaka sita. Alikulia pale. Kaka zake na dada yake walipoondoka kwenda kutafuta maisha, yeye alibaki. Mama mdogo alipolala kitandani miaka miwili asiweze kujigeuza, aliyemwosha, aliyemlisha, aliyembeba kumtoa nje apate jua alikuwa yeye. Nami nilikuwa nimemruka mbele ya kijiji kizima.

Nilipogundua, jioni ileile, nikafanya kile ninachokijua. Nikamtumia ujumbe, naye yuko chumba cha pili: “Mdogo wangu nisamehe, nitaongeza jina lako.” Ilinichukua chini ya dakika moja. Akajibu, “Sawa dada.” Asubuhi aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, maana kwetu hata hasira ina adabu, akaniwekea chai, na hakusema neno jingine. Niliporudi Tanga hakupokea simu zangu miezi mitatu.

Kuna jambo lililoniuma zaidi, na nimechelewa kulisema. Mama mdogo alishaniambia. Siku tulipomzika mumewe, watu wakiwa wanaosha vyombo, alinishika kiwiko akasema, “Mwandishi, umeruka mtu.” Nikamwambia, “Nitarekebisha, mama.” Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayesema ameshanawa miguu. Nilikuwa na haraka ya gari. Sikurekebisha, na kosa likakaa ndani ya simu yangu likimsubiri yeye mwenyewe.

Katika familia yetu, mwaka ukigeuka kaburi hujengwa kwa saruji, msalaba husimikwa, na wasifu husomwa tena. Kaka mkubwa alinipigia kupanga siku. “Wewe ongeza mstari mmoja tu,” alisema, “yaishe.” Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akaniambia kwamba mdogo wetu amesema msalaba ukishasimama ataondoka, atarudi Kwamkoro. Wamemwuliza una nani huko, akawajibu kwa kuwauliza, na hapa je?

Nilifungua simu niongeze mstari huo. Nilishajua utakavyokuwa: “Pia alimlea binti mmoja.” Kidole changu kilisimama. Hiyo “pia” niliiona kama kiraka cha kitambaa kingine, na nikajua akiisikia hiyo atapanda basi kabla saruji haijakauka. Kwa mara ya kwanza maishani nikaogopa kuandika upesi. Nikafuta ukurasa mzima, pamoja na ule wa mfano uliozika ukoo wangu, nikanunua daftari.

Mwisho wa juma uliofuata nikapanda. Basi lilipita msitu wa Magamba, likapita Lukozi kwenye matenga ya karoti, halafu barabara ikaanza kutukumbusha mifupa yetu yote. Nilimkuta shambani, kwenye matuta ya chini ya nyumba, anapalilia maharage. “Shikamoo dada.” “Marahaba.” Akaendelea kupalilia. Nikakaa kwenye ukingo wa tuta, nikafungua daftari, nikasema nimeanza upya, naomba nikusomee.

“Soma.”

“Marehemu alikuwa mkarimu kwa watu wote.”

“Siyo.”

“Siyo nini?”

“Siyo yeye.” Jembe likaingia udongoni. Nilisubiri anieleze. Hakueleza, na hata nilipopanda basi kesho yake alikuwa hajaeleza.

Nilikasirika, sitaficha. Mwalimu mzima, mwandishi mwenye wasomaji, natoka Tanga mpaka Mtae kuambiwa “siyo” na mtu mwenye jembe. Safari nzima ya kurudi nilikuwa namjibu kimoyomoyo. Mama mdogo hakuwa mkarimu? Nani asiyejua? Lakini barabara ile ni ndefu, na hasira haifiki mbali nayo. Kabla ya Lushoto nilikuwa nimeanza kujiuliza: mkarimu vipi? Nikafumba macho. Kilichokuja hakikuwa neno. Kilikuwa kikombe cha bati chenye ua jekundu, kinanifuata njiani.

Mwezi uliofuata nikamsomea: “Ukipita mlangoni kwake bila kuingia, alikufuata na kikombe cha chai mpaka barabarani, akakusimamia mpaka umalize, kwa sababu kikombe alikihitaji.”

Jembe lilisimama. Mdogo wangu akacheka, tena kwa sauti, mpaka akajishika kiuno. Halafu akakumbuka kwamba amenikasirikia, akainama tena. Lakini siku hiyo aliniachia nafasi kwenye tuta lake, tukapalilia wote.

Ndivyo tulivyoendelea, mwezi hadi mwezi, sentensi moja kila safari, mara nyingine hata hiyo moja isipatikane. Niliandika “alipenda kuimba kwaya”, akasema siyo. Ilinichukua likizo nzima kukumbuka kwamba kwaya ya kanisani walimweka mstari wa nyuma, na wala hakujali, kwa kuwa mwenyewe aliimba alipopalilia maharage. Maharage tu, mahindi hakuyaimbia. Kwa nini, hakuna anayejua. Zamani ningetunga sababu pale pale, yenye machozi ndani. Sasa nikaliacha jambo hivyo lilivyo, na nikaona limepumua.

Sijui niwaelezeje siku zile. Nilikuwa nalala saa sita mchana juu ya kanga, kwenye tuta, kama mtu asiye na kazi duniani. Ukungu ulipanda, nikausikia unanipita usoni, baridi na laini. Hapo nilisikia jembe, kisha nisilisikie, kisha mtu anaimba kwa sauti ya chini, nikashindwa kujua kama ni huyu aliye hai au yule tuliyemzika. Tambarare ya chini ilifunguka kidogo, kahawia, na kivuli cha wingu kikitembea juu yake, ikajifunga tena. Daftari lilikuwa kifuani. Sikuwa nimelala wala sikuwa macho, na ni katika hali hiyo mambo yalianza kunijia yenyewe, moja moja, kama kuku wanaorudi jioni bila kufukuzwa. Harufu ya sabuni ya mche kwenye kanga yake. Alivyogonga mlango wa nyumba yake mwenyewe kabla ya kuingia. Peasi moja aliyoikata vipande sita sawasawa, akabaki analamba kisu. Kumbe vyote nilikuwa navyo. Nilikuwa navipita mbio.

Tanga nako mambo yalibadilika. Nilishindwa kutuma kipande kila siku, maana kila nikiandika mtu ameingia nyumbani, nilitaka kujua ameingia na mguu gani. Wasomaji wakaniandikia, “Mwalimu, umekufa?” Wengine wakahama. Nilisikitika, nisiseme uongo, kwa kuwa sifa ni tamu na nilishaizoea. Lakini nilipoyarudia maandishi yangu ya zamani niliona kwamba katika hadithi zote zile hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kulamba kisu.

Sentensi iliyotugombanisha ilikuwa ya ugonjwa. Niliandika, “Aliugua kwa muda mrefu, kwa uvumilivu.” Nilidhani hiyo haina ubishi.

“Siyo,” akasema, na safari hii aliweka jembe chini. “Dada, ulikuwapo?”

“Nilikuwa nakuja.”

“Ulikuwa unakuja Jumamosi. Jumamosi nilikuwa nimeshamsuka.”

Akakaa karibu yangu, miguu ikining’inia ukingoni, akaniambia mengine ambayo hata kaka zake hawakuyajua. Mama mdogo aliugua kwa hasira. Alitupa bakuli la uji ukutani. Alimtukana yeye, akamtukana ng’ombe, akautukana mguu wake wa kushoto kwa Kishambaa cha zamani ambacho hakitafsiriki, kisha akalia akaomba asamehewe. Akimwomba nani msamaha? Bakuli. “Akasema, bakuli wangu masikini, nimekuumiza bure.”

“Sasa hilo nitalisomaje mbele ya mchungaji?”

“Aliyeokota bakuli ni mimi,” akasema. “Ukisoma uvumilivu, utakuwa umeniambia sikuokota kitu.”

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakifanya. Nilikuwa nimekuja kumtafutia mdogo wangu mstari ndani ya ukurasa ule, kumbe ukurasa wote ulikuwa wake. Kila neno la jumla nililoliandika lilikuwa limemfukia mtu aliyeshuhudia jambo lenyewe. Niliona aibu. Ilikuwa imechukua miezi minane ya kwenda na kurudi, na kama ningemaliza mwezi wa kwanza nisingeijua aibu hiyo, ningebaki na fahari yangu.

Ilibaki sehemu ya watoto. Nilipanda mara ya mwisho wiki tatu kabla ya msalaba. Maharage mapya yalikuwa yameshaanza kutambaa. Nilimwambia sitaandika kitu mpaka aniambie siku aliyofika ilikuwaje, na kama hataki kuniambia, nitaacha pengo na nitasoma pengo.

“Utasomaje pengo?”

“Nitanyamaza.”

“Wewe?” akasema, tukacheka wote, maana ilikuwa kweli.

Ukungu ulikuja, ukatufunika tukawa hatuonani vizuri, ukaondoka. Nilimwona akitazama mpini wa jembe. Kisha akanisimulia, kwa maneno machache, bila kuinua kichwa. Nilipotaka kuandika akanizuia kwa mkono. “Usiniandikie hapa. Na usinisomee. Nenda kaandike unavyoona, nitaisikia na wenzangu.” Nikamwuliza, na Kwamkoro? Akasema nauli ameshaiweka.

Sentensi hizo za mwisho niliziandika siku kumi na tisa. Nilifuta zaidi ya nilichobakiza. Kila nilipoongeza neno lenye huruma, kama “yatima” au “alimhurumia”, niliona mtoto yule anasukumwa nje tena, nikalitoa.

Siku ya msalaba ilipambazuka nyeupe. Mabenchi ya kanisani yalipangwa uani, saruji ya kaburi bado inang’aa, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Benchi la mbele walikaa kaka zetu na dada yetu, wanne. Mdogo wangu hakuwapo. Alikuwa nyuma ya nyumba na wapishi, kwenye masufuria, kama mtu aliyekodiwa. Mchungaji aliniita. Nikafungua daftari.

Nilisoma kikombe, watu wakacheka. Nikaona akina mama watatu wanatazamana, bila shaka kila mmoja akikumbuka chai yake. Nilisoma maharage. Nilisoma bakuli, mchungaji akainua nyusi, kisha bibi mmoja akasema kwa nguvu, “Ndiye huyo!” Nikafika kwenye watoto. Nikanyamaza.

Walidhani nimeshikwa na kilio. Mtu akanong’ona nipewe maji. Mchungaji akakohoa kidogo. “Endelea, mwalimu,” kaka wa pili akasema.

“Namsubiri mtu,” nikasema.

Sijawahi kusimama kimya mbele ya watu kiasi kile. Nilisikia moto wa jikoni ukipasuka nyuma ya nyumba, nilisikia mtoto akinyonya. Nilitamani sana kusema chochote. Sikusema. Kaka mkubwa alinitazama, akatazama benchi, akahesabu kwa macho, na nikamwona anaelewa. Hakumtuma mtu. Aliinuka mwenyewe na koti lake, akazunguka nyumba.

Walirudi wawili. Amemshika mkono, naye anakuja kwa shingo upande, kanga imefungwa kifuani, mikono ina moshi mpaka viwikoni, ananung’unika kwamba wali hauna mtu. Wale watatu wa benchini wakasogea. Wakasogea tena. Akakaa katikati.

Nikasoma: “Ameacha watoto watano. Wanne aliwazaa. Wa tano alikuja kwa miguu yake, akiwa na miaka sita, mvua inanyesha, na mama hakuwa amewahi kumwona wala kuambiwa habari zake. Alimkuta amesimama mlangoni. Akamwambia, umechelewa, mwanangu, chakula kimepoa. Akakipasha.”

Ndio mwisho wa ukurasa. Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi, uso juu, bila kujifunika, nami nikalia nimesimama, daftari limelowa. Dada yetu alikuwa amemlaza kichwa begani.

Sala ilipokwisha, kaka mkubwa aliinama akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu, nikasikia. “Basi la kesho asubuhi nikusindikize?”

“Basi gani?” akasema, akapangusa uso kwa kiganja, akainuka. “Niacheni, wali unaungua.”